Dhangadhi: Mji Uliotangulia Klabu Yake

Tarehe 15 Mei 2021, katika uwanja wa Dasharath Rangasala jijini Kathmandu, timu mbili ambazo mwaka mmoja nyuma hazikuwepo zilicheza fainali ya kwanza ya Nepal Super League. Kathmandu Rayzrs iliifunga Dhangadhi FC bao 1-0 na kubeba kombe. Majukwaa yalikuwa matupu, kwa kuwa wimbi la pili la korona lilikuwa limeikaba Nepal na mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku. Bingwa hana upungufu wa wasifu, kwa hiyo makala hii inaigeukia timu iliyoshindwa, maana jina lake lina historia ndefu kuliko umri wake. Dhangadhi ni mji wa tambarare za kusini, makao makuu ya wilaya ya Kailali, katika pembe ya magharibi ya mbali ya Nepal, jirani kabisa na mpaka wa India. Ligi ya juu ya nchi hiyo ilichezwa tangu miaka ya 1950 bila jina la mji huo kuonekana hata mara moja kwenye msimamo wake. Kisha, katika majuma matatu ya Aprili na Mei 2021, jina hilo likafika fainali. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa biashara tu, timu iliyotengenezwa mezani na kuvishwa jina la mji. Ninaloshikilia mimi ni hili: soka la Dhangadhi lilikuwepo kabla ya klabu hiyo, na kilichokosekana kwa miongo yote hiyo ni kiti kwenye meza ya taifa. Klabu ya franchaizi, yaani ya mwekezaji aliyenunua haki ya jina la mji, ilileta kiti. Kama imeleta na chakula ni swali jingine, na historia ndiyo itakayotusaidia kulijibu.

Tuanzie pale ligi ya Nepal ilipozaliwa, kwani mzizi wa jambo hili uko huko. Nepal ilitawaliwa na ukoo wa Rana kuanzia 1846 hadi 1951. Watawala hao waliifunga nchi dhidi ya ulimwengu na waliogopa kila mkusanyiko wa raia, lakini watoto wao waliosoma India walirudi na mpira wa miguu, na mchezo ukaota kwanza katika bonde la Kathmandu, kwenye uwanja wa wazi wa Tundikhel na katika mitaa ya jiji. New Road Team, mojawapo ya timu kongwe, iliundwa katika miaka ya 1930 na inabeba jina la barabara iliyojengwa baada ya tetemeko kubwa la 1934. Utawala wa Rana ulipoanguka mwaka 1951, Shirikisho la Soka la Nepal, ANFA, liliundwa mwaka huohuo, na ligi ikafuata miaka michache baadaye. Ligi hiyo ya Daraja la A ilikuja kupewa jina la mashahidi, wale wazalendo waliouawa na utawala wa Rana mwaka 1941. Mmoja wao alikuwa Dasharath Chand, ambaye uwanja wa taifa uliojengwa mwaka 1956 unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo soka la Nepal huru lilijengwa juu ya kumbukumbu ya taifa zima. Hata hivyo, ukiitazama orodha ya timu zake utaona mitaa ya bonde moja: Sankata, Ranipokhari Corner, Machhindra, Jawalakhel, Chyasal, Three Star. Ligi iliitwa ya taifa, na wachezaji wake walilala umbali wa safari fupi ya basi kutoka Dasharath Rangasala.

Mtu anaweza kujibu kwamba hili halina ajabu, kwamba kila nchi soka lake huanzia mji mkuu kisha husambaa. Ni kweli huanzia hapo, ila Nepal halikusambaa kwa namna hiyo. Timu za mikoani hazikuingia kwenye ligi ya juu. Watu wa mikoani ndio waliokuja Kathmandu. Mfano bora ni Manang Marsyangdi Club, iliyoanzishwa mwaka 1982. Manang ni wilaya ya milima mirefu nyuma ya safu ya Annapurna, na Marsyangdi ni mto unaotoka huko. Lakini klabu yenyewe ni ya Kathmandu. Iliundwa na watu wa Manang, jamii inayosifika kwa biashara za mbali, waliokuwa wamehamia mjini. Wakaipa timu jina la nyumbani, wakaigharamia, na ikawa mojawapo ya timu zilizotwaa ubingwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2019 ilicheza hatua ya makundi ya Kombe la AFC. Himalayan Sherpa Club nayo ilibeba jina la watu wa milimani huku maisha yake yakiwa bondeni. Mifano hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hamu ya kuiona asili yako ikitajwa uwanjani ni ya zamani sana Nepal. La pili, ambalo wakosoaji wa franchaizi hulisahau, ni kwamba timu yenye jina la mahali pa mbali lakini inayoishi Kathmandu haikubuniwa mwaka 2021. Ilikuwepo karibu miaka 40 kabla, na hakuna aliyeiita ya bandia, kwa sababu nyuma yake walikuwepo watu wenye jina hilo.

Aina ya pili ya klabu katika ligi hiyo ilikuwa ya idara za serikali: Polisi, Jeshi, na baadaye Kikosi cha Polisi chenye Silaha. Kijana wa mkoani aliyejaliwa kipaji alikuwa na njia chache za kula kwa miguu yake, na iliyo imara kuliko zote ilikuwa kuvaa sare. Mchezaji wa Polisi au Jeshi alikuwa mwajiriwa wa serikali mwenye mshahara wa kila mwezi na pensheni mbele yake, wakati mwenzake wa klabu ya mtaa alitegemea ukarimu wa wafadhili. Viwanda navyo vilikuwa na timu. Kiwanda cha Sigara cha Janakpur, mji wa tambarare za mashariki, kilikuwa na timu iliyofahamika nchi nzima, na ndiyo iliyokuwa ikicheza na Muktijoddha ya Bangladesh tarehe 12 Machi 1988, wakati mvua kubwa ya mawe ilipoushambulia uwanja wa Dasharath. Watazamaji walikimbilia milango iliyokuwa imefungwa, na watu 93 wakafa. Maafa hayo hukumbukwa kama habari ya usalama viwanjani, na ni haki yake. Lakini ndani yake mna habari nyingine pia: timu ya mji wa mbali, ili ionekane na taifa, ilibidi iende kwenye uwanja uleule mmoja.

Sasa tuisafirie Dhangadhi yenyewe. Kwa muda mrefu magharibi ya mbali ilitengwa na nchi yake kwa mito. Barabara Kuu ya Mashariki–Magharibi, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,000, ilikatizwa na mto Karnali mpaka daraja kubwa la Chisapani lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo msafiri wa Kailali kwenda Kathmandu mara nyingi aliona ni rahisi zaidi kupita India. Ni katika magharibi hiyo ya mbali ambako mfumo wa kamaiya, utumwa wa deni uliowafunga watu wengi wa jamii ya Watharu katika mashamba ya wenye ardhi, uliishi mpaka serikali ilipoupiga marufuku mwezi Julai mwaka 2000. Na huko ndiko wanaume wa vijiji vya milimani wamekuwa wakishuka kila mwaka, vizazi kwa vizazi, kuvuka mpaka kutafuta kibarua katika miji ya India. Eneo la namna hii halikuwa na sauti kubwa katika ofisi za ANFA. Lakini mpira lilikuwa nao. Dhangadhi imekuwa mwenyeji wa Khaptad Gold Cup, mashindano ya mtoano yaliyopewa jina la uwanda mtakatifu wa milimani, na klabu kubwa za Kathmandu zimesafiri hadi huko kuyacheza.

Mashindano hayo ya kombe la dhahabu yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo ligi halisi ya Nepal ya nje ya bonde. Pokhara ina Aaha! Gold Cup, linaloandaliwa na Sahara Club. Dharan, mji uliokua kando ya kambi ya Waingereza ya kuandikisha askari wa Gurkha, una Budha Subba Gold Cup, lililopewa jina la hekalu la mji huo. Mji baada ya mji, msimu baada ya msimu, watu wamechangisha fedha, wakaomba udhamini wa wafanyabiashara wa kwao, wakaalika timu za Kathmandu na za nchi jirani, na wakajaza viwanja. Sahara ilikwenda mbele zaidi: iliunganisha mashindano yake na akademi inayolea vijana kutoka familia zisizo na uwezo, ikisaidiwa na Wanepali waishio Uingereza. Ushahidi huu unaivunja ile picha ya mikoa kama shamba kavu lililosubiri mvua ya mwekezaji. Mashabiki walikuwepo, waandaaji walikuwepo, hata malezi ya vijana yalikuwepo. Kilichokosekana ni timu ya mji wenyewe yenye daraja sawa na wageni. Katika makombe haya mji wa mkoani ulikuwa mwenyeji mkarimu, aliyepika, akaandaa ukumbi, kisha akawapigia makofi wageni waliofika kucheza ngoma nyumbani kwake.

Kwa nini basi kiti hakikupatikana kwa njia ya kawaida, yaani kwa ligi kuwafungulia mlango? Jaribio lilifanyika. ANFA iliendesha Ligi ya Taifa msimu wa 2011–12, ambayo Polisi walishinda, na tena mwaka 2015, ambapo Three Star walishinda. Bingwa alitoka bondeni mara zote mbili, na mashindano hayo hayakushika mizizi. Baada ya msimu wa 2013–14 hata Ligi ya Daraja la A yenyewe ilizimika, na haikurudi mpaka 2018. Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa misiba juu ya misiba. Tetemeko la tarehe 25 Aprili liliua karibu watu 9,000 na kuharibu uwanja wa taifa. Mwezi Novemba FIFA ilimfungia Ganesh Thapa, aliyekuwa ameiongoza ANFA kwa miaka mingi, asijihusishe na soka kwa miaka 10. Kwa mchezaji wa kulipwa, miaka minne bila ligi ni theluthi ya maisha yake ya kazi. Anayesema kwamba franchaizi ilikuja kuvuruga utaratibu uliokuwepo anapaswa kwanza atuoneshe utaratibu wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2015 kulitokea jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote katika historia hii. Mwezi Septemba Nepal ilipata katiba mpya iliyoigawa nchi katika majimbo saba na kuwa shirikisho. Baada ya vita vya ndani vilivyodumu kuanzia 1996 hadi 2006, na baada ya ufalme kufutwa mwaka 2008, hoja iliyotawala siasa ilikuwa moja: Kathmandu imejilimbikizia kila kitu, na mikoa inadai haki yake. Sudurpashchim, magharibi ya mbali, ikawa jimbo, na Dhangadhi ndio mji wake mkubwa. Michezo iliiona hali hii mapema kuliko ANFA. Kriketi ndiyo iliyotangulia: Everest Premier League ilianza mwaka 2016 kwa timu za franchaizi zenye majina ya miji, na mwaka 2017 Dhangadhi ikaanzisha mashindano yake yenyewe, Dhangadhi Premier League, na kuwaleta wachezaji wa kriketi magharibi badala ya kuwafuata Kathmandu. Soka lilipofuata njia hiyo mwaka 2021, lilikuwa likilijibu taifa lililokwisha kubadilika.

Nepal Super League ilianzishwa na kampuni binafsi ya matukio ya michezo kwa makubaliano na ANFA. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Mwekezaji hununua haki ya kumiliki timu yenye jina la mji. Wachezaji hupatikana kwa mnada, kila timu ikiwa na nyota wake mmoja aliyechaguliwa kwanza. Wageni huongezwa kwa idadi maalumu. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Msimu wa kwanza ulikuwa na timu saba: Kathmandu, Lalitpur, Chitwan, Pokhara, Butwal, Biratnagar na Dhangadhi. Ukizipanga kwenye ramani ya majimbo utaona jambo la kufikirisha. Timu tatu kati ya saba zilitoka jimbo la Bagmati, ambamo Kathmandu imo. Karnali, jimbo maskini la milimani, halikupata timu. Madhesh, jimbo la tambarare lenye msongamano mkubwa wa watu, nalo halikupata, mpaka Birgunj ilipoingia mwaka 2023 pamoja na Jhapa na Ilam za mashariki. Kwa hiyo hata chombo kilichouzwa kwa jina la mikoa kilianza kwa kuipendelea kati na kufuata soko. Lakini Super League ilifika Sudurpashchim tangu siku ya kwanza, na ligi ya mashahidi haikuwahi kulifanya hilo tangu ilipoasisiwa.

Tuyakabili sasa mapingamizi moja baada ya jingine. La kwanza linasema mfumo huu umenakiliwa kutoka India, kutoka Indian Premier League ya kriketi na Indian Super League ya soka iliyoanza 2014, na kwa hiyo si wa Nepal. Umenakiliwa, ni kweli, wala hakuna sababu ya kulificha. Lakini asili ya chombo haitoshi kukihukumu. Ligi yenyewe ya mtaa na mtaa ilikuwa nakala ya desturi ya Waingereza iliyopitia Calcutta, na hakuna Mnepali anayeikataa kwa sababu hiyo. Swali la haki ni kama nakala imeshonwa upya kulingana na mwili wa mvaaji. Hapo ndipo pana kasoro kweli. India ni nchi ambayo timu ya Kerala inacheza Kochi mbele ya watu wa Kochi. Nepal ilichukua jina la mji na mnada, ikaacha uwanja wa nyumbani. Msimu wa kwanza wote ulichezwa Dasharath Rangasala. Dhangadhi FC ilifika fainali ya taifa bila kucheza mechi hata moja ya ligi hiyo Dhangadhi.

Pingamizi la pili linatokana na hilo, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: klabu isiyo na uwanja, isiyo na wanachama, isiyo na timu ya vijana, na inayokusanyika kwa majuma matatu kisha kutawanyika, haiwezi kuitwa klabu ya mji. Watetezi wa ligi hujibu kwa korona, na msimu wa 2021 kweli ulikuwa wa dharura. Marufuku ya kutembea yalianza Kathmandu mwishoni mwa Aprili, siku chache tu baada ya mechi ya ufunguzi, na kusafirisha timu nchi nzima kungekuwa hatari. Katika siku hizohizo Wanepali waliokuwa vibarua India walikuwa wakirudi kwa maelfu kupitia kituo cha mpakani cha Gauriphanta, pembeni mwa Dhangadhi, wakikimbia ugonjwa. Mji ulikuwa ukipokea watu wake wakati timu yenye jina lake ikicheza mbele ya viti vitupu, mbali mno. Lakini korona haijibu pingamizi lote. Msimu wa pili ulichezwa mwaka 2023, ambapo Lalitpur City ilikuwa bingwa, na wa tatu mwaka 2025. Kati ya msimu na msimu kulipita muda ambao klabu yenye nia ingeweza kufungua akademi, kuingiza timu ya vijana katika mashindano ya Kailali, na kucheza mechi za kirafiki mbele ya watu wake. Hapa siwezi kuitetea franchaizi. Nakumbusha tu kwamba mfano wa Manang Marsyangdi unaonesha tatizo liko wapi hasa. Manang haikucheza Manang, na bado ilikuwa ya watu wa Manang, kwa sababu wao ndio waliokuwa mzizi wake. Jina la mbali linaweza kuishi mjini iwapo nyuma yake wapo watu wanaolimiliki. Umiliki wa namna hiyo hauwezi kunadiwa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa klabu za zamani. Zinasema ligi hii hukopa wachezaji waliolelewa nazo, huwavalisha jezi nyingine kwa mwezi mmoja, hujinyakulia wadhamini na televisheni, kisha huwarudisha. Bingwa wa Daraja la A ndiye aliyekuwa akiiwakilisha Nepal Asia, kama Machhindra ilivyofanya mwaka 2022, ilhali bingwa wa Super League haendi popote. Katika hili mna haki nyingi. Kipaji kililelewa na akina New Road Team, Three Star na Machhindra, na kodi ya malezi hailipwi. Lakini tusiipambe picha ya zamani. Baada ya Church Boys United kutwaa ubingwa wa mwaka 2023, Ligi ya Daraja la A ilisimama tena, na wachezaji wakakaa bila mashindano. Katika miaka hiyohiyo wachezaji wengi wa timu ya taifa waliacha soka la nyumbani na kuhamia Australia kutafuta maisha. Hawa hawakufukuzwa na franchaizi. Walifukuzwa na kalenda tupu. Nepal ni nchi ambayo fedha zinazotumwa na walio nje ni karibu robo ya pato la taifa. Kwa mchezaji wa nchi hiyo, mshindani wa klabu yake ni visa. Majuma matatu ya malipo ya uhakika hayatoshi kumzuia, lakini ni afadhali kuliko miaka ya ahadi.

Hatuna haja ya kubashiri mustakabali wa jambo hili, kwa kuwa India imetangulia njia hiyo na matokeo yake yapo wazi. ATK, timu ya franchaizi ya Kolkata, ilitwaa Indian Super League mara kadhaa, lakini mwaka 2020 mwenye timu aliungana na Mohun Bagan, klabu iliyoanzishwa 1889. Kwa miaka mitatu timu ilibeba majina yote mawili, na mashabiki wa Mohun Bagan hawakuacha kulalamika. Mwaka 2023 herufi za ATK ziliondolewa. Fedha zilikuwa za upande mmoja na mapenzi ya upande mwingine, na mwishowe jina lililobaki ni lile lililopendwa. Somo la pili lilikuja Julai 2025, ambapo Indian Super League ilisimamishwa kwa sababu mkataba kati ya shirikisho na kampuni yenye haki za biashara ulikuwa unakaribia kwisha bila mwingine kusainiwa. Ligi nzima ya nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ilisimama kwa sababu ya karatasi moja. Kama hilo linawezekana India, Nepal isitegemee kampuni moja, uwanja mmoja na mwezi mmoja kubeba matumaini ya majimbo saba.

Hukumu yangu, baada ya kuupima ushahidi wote, ni hii. Klabu ya franchaizi ya Dhangadhi haikuwa uongo. Ilikuwa hati ya deni. Ligi ya Nepal iliikopa mikoa kwa zaidi ya miaka 60: ilichukua vijana wake, ikatumia jina la taifa lote, ikarudisha ziara chache za kombe la dhahabu. Mwaka 2021 deni hilo liliandikwa hadharani kwa mara ya kwanza, jina la mji mbele ya kila mtu, na hilo ni jambo la kihistoria ambalo dharau ya wakosoaji haiwezi kulifuta. Lakini hati ya deni haiwi fedha mpaka ilipwe, na malipo yenyewe yanajulikana. Mechi za ligi zichezwe Dhangadhi, katika mji uliokwisha kuthibitisha kwa Khaptad Gold Cup kwamba unaweza kuziandaa. Kila mmiliki wa timu alazimishwe na mkataba kulea vijana wa jimbo lake, kama Sahara ilivyofanya Pokhara kwa nguvu ndogo kuliko yake. Klabu zilizolea wachezaji zilipwe. Karnali ipewe timu. Na watu wa mji wapewe hisa au uanachama, ili siku mwekezaji akichoka, klabu isichoke pamoja naye. ANFA na wenye ligi wanayo mamlaka ya kuyafanya haya yote. Wasipoyafanya, mji wa Dhangadhi utaendelea kucheza mpira kama ulivyocheza kabla hawajafika, na jina lake litabaki kwenye jezi zisizojua njia ya kwenda huko.